Dakika Kumi za Kamba

Kwenye basi la asubuhi, fundi cherehani, futi bado shingoni, alimwambia mpishi aliyekaa naye, “Dada, naruka kamba dakika kumi tu kwa siku, na ngazi sasa napanda bila kuhema.”

Mpishi akacheka. “Dakika kumi hata maharage hayajachemka! Mbona kiuno kipo palepale?”

“Ndiyo maana nimeacha na chakula cha jioni.”

Mimi nyuma yao nikashtuka. Binti yangu alianza hivyohivyo, nami nikamsifu, “Umepungua, mwanangu, umependeza.” Leo hana nguvu hata ya kuishika hiyo kamba. Mama wenzangu, kamba haina ubaya, angalieni sahani inayorudi bila kuguswa. Natamani nimsikie tena akikwangua ukoko.

Nikanyoosha mkono nimguse fundi bega. Basi likasimama, akashuka.