Mwaka wa Kisima

Kwenye tuktuk ya Ganjoni, mwalimu aliyepakata rundo la mitihani alikuwa akisoma simuni mwaka kilipochimbwa kisima kimoja cha mtaa wa Kuze. Mzee aliyekaa upande wangu wa pili akachungulia, akasonya.

"Mwaka huo niliubuni mimi, mwanangu. Ensaiklopidia za mtandaoni zilipokuwa changa, niliandika habari za mtaa wetu, nikaona haya kuacha pengo la mwaka."

"Si uufute, mzee wangu?" mwalimu akauliza.

"Nimeufuta mara tisa, wahariri wake waurudisha. Wataka ushahidi wa kitabu, na vitabu vyote vimenakili kwangu."

Mimi niliukariri shuleni, nikapigiwa makofi.

Tuktuk ikasimama. Mwalimu akaitazama mitihani yake. "Kuna mwanafunzi aliyejibu kwamba mwaka huo haujulikani. Nimempa sifuri."

"Na mimi nipe yangu," mzee akasema, akashuka.