Mama Vyoo na Maji ya Ghuba Yetu

Marehemu dada yetu, ambaye watu wa ziwani walimwita Mama Vyoo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 hapahapa ghubani, kifungua mimba wa mvuvi na mfinyanzi.

Alisoma shule ya msingi ya hapa, kisha sekondari ya bweni, ambako walimcheka kwa lafudhi yetu naye akakataa katakata kuibadilisha. Mwaka 1980 alihitimu uuguzi, akarudi kufanya kazi katika zahanati yetu.

Aliwatibu watoto kuhara, wakapona, wakarudi na kuhara kulekule, hadi uvumilivu ukamwisha. Wataalamu wa mradi walikuwa wametujengea vyoo kwenye mkondo wa maji ya mvua bila kumuuliza mtu, na kila masika uchafu ukaishia ziwani. Dada akawaita kina mama, wavuvi na wazee, akaendesha vikao kwa lugha yetu wenyewe. Wakachagua mahali pa vyoo, pa kufulia na pa kuteka maji, wakapangiana zamu za ulinzi. Kuhara kukapungua kweli.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi wa mitumbwi. Shemeji husimulia kwamba alipomtamkia nia yake, marehemu aliuliza, "Kwenu kuna choo?"

"Kuna vichaka."

"Basi nenda kavioe vichaka."

Shemeji akachimba choo kwanza, ndipo akaleta posa. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2009 manispaa ilileta bomba la majitaka ya mjini na kulielekeza kwenye ghuba yetu. Kazi yote ile ikawa bure. Marehemu alikwenda ofisini mara nyingi hata mlinzi akawa anamwekea kiti.

"Mama, tunalishughulikia," mhandisi wa manispaa alimwambia.

"Uliniambia hivyo ukiwa mchumba, mwanangu. Leo mtoto wako yuko darasa la tano."

Mhandisi akaahirisha kikao. Dada alirudi nyumbani akalia jikoni kwa hasira, na sufuria ikaungua asijue. Wapo waliomshauri aache, umri umekwenda. Hakuwasemesha wiki nzima.

Kumbe kichocho alichokipata utotoni kwa kuoga ziwani kilikuwa kinamla ini kimyakimya. Mwaka jana tumbo lilianza kujaa maji, akalazwa. Mhandisi alituma salamu za pole. Dada akamuuliza binti yake mkubwa, "Bomba wameliziba?"

"Bado, mama."

"Basi mrudishieni pole yake."

Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, shemeji akiwa amemshika mkono. Bomba linamwaga hadi saa hii tunapomsindikiza.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu, mdogo wake anayesoma wasifu huu, na kamati ya maji aliyoiasisi. Jana kamati ilikutana hapahapa msibani. Kina mama wameamua kwamba wakitoka makaburini hawapiti nyumbani. Watakwenda manispaa na nguo zao za msiba, wakae mlangoni hadi bomba lifungwe. Shemeji amesema atatangulia. Mwenye miguu aungane nao.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo ofisi ile ilimnyima.