Mama Domitila, Aliyemketisha Bosi Kwenye Benchi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Domitila alikabidhi funguo za ghala la silaha la kampuni yetu ya uwindaji hapa Karatu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kufyatua risasi hata moja. Anasema kelele zake zinamuumiza kichwa.

Alitoka Mbulu mwaka 1993, akaanza kazi kama mfagiaji. Mtunza ghala wa wakati huo alikuwa na tabia ya kusahau kufunga mlango. Domitila akawa anaufunga yeye, kisha akaanza kuuliza nani katoka na nini. Ndani ya mwaka mmoja ghala likawa lake, na raha ya wasahaulifu ikaisha.

Wageni wetu walimwogopa kuliko nyati. Kila bunduki aliisoma namba na kuilinganisha na kibali cha polisi, mwenye bunduki akisubiri kwenye benchi la nje. Mmarekani mmoja alishangaa maswali yote hayo, maana bunduki yake, alisema, aliinunua katika duka lilelile linalouza ndoano za samaki. Mwingereza alitulia tuli. Polisi wa kwao humfuata mpaka nyumbani kukagua kabati la bunduki. Mkulima wa Afrika Kusini hakuelewa kwa nini swala aombewe leseni ya serikali, wakati kwake mnyama aliye ndani ya uzio ni wa mwenye shamba. Wote walipata jibu moja: "Kwenu ni kwenu, baba. Hapa ni Karatu."

Aliyempendeza ni Mjerumani, aliyesomea uwindaji miezi mingi na kufanya mtihani, na vyeti akavibeba vyote. Huko kwenye kitalu cha uwindaji alipomwangusha kongoni, alichuma kijiti chenye majani akamwekea mnyama mdomoni, tonge la mwisho kwa desturi ya kwao. Sironka, mfuata nyayo wetu kutoka Piyaya, kwa Wamasai, ambako mtu akishika nyasi anaomba amani, alirudi kumsimulia Mama kwamba mzungu amemwomba kongoni msamaha, ila kachelewa kidogo.

Sasa tufike kwa bosi. Yupo hapa ukumbini, tunaomba asikunje uso. Mwaka 2019 Mkurugenzi wetu, Bwana Filbert, alisumbuliwa na nguruwe pori kwenye mahindi yake kule Baray. Mama akiwa likizo, bosi alitumia ufunguo wake wa akiba, akachukua bunduki ya kampuni "kuwatisha tu", ikawa inalala chini ya kitanda chake. Mama aliporudi alikuta nafasi tupu kwenye rafu, na wakaguzi wa polisi wanakuja kesho yake. Kosa hilo lilitosha kutunyang'anya leseni, na sisi wote ishirini na sita tungerudi kulima vitunguu.

Bosi alishauri iandikwe kwamba bunduki iko kwa fundi. Mama alikataa katakata. Alimtuma akairudishe, akamketisha kwenye benchi la wageni, akamjazisha fomu ya kueleza bunduki ilikuwa wapi, kama mgeni yeyote, na asubuhi akawaonyesha wakaguzi fomu hiyo. Tulipewa onyo kali, leseni ikabaki. Ufunguo wa akiba nao ukahamia shingoni mwa Mama.

Tangu hapo alikuwa na hofu moja: je, atakayemrithi ataweza kumkatalia mtu anayemheshimu? Mrithi huyo ni mimi, Obedi, ninayewasomea haya, na kusema kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi.

Siku tatu baada ya makabidhiano Mama alirudi. Alikuwa amesahau sweta lake la bluu ghalani.

"Obedi mwanangu, nipishe, dakika moja tu."

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi miaka kumi na minne.

"Shikamoo, Mama. Jina lako halipo tena kwenye orodha ya wanaoingia ghalani. Naomba ukae kwenye benchi."

Akakaa. Nikaingia peke yangu, nikamletea sweta, nikamsogezea daftari la wageni. Alisaini vizuri, na kwenye sababu ya kuja akaandika neno moja: Ukaguzi.

Asante kwa yote, Mama. Tunakuombea afya na furaha tele huko Mbulu, na ulale usingizi. Mlango umefungwa.