Mchoro Mmoja Bado Haujatundikwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkuu wetu wa maktaba, uliyetuazima chumba hiki cha nyuma ukiamini kwamba sisi ni kikundi cha wasomaji, na ambaye hata baada ya kuujua ukweli hukutufukuza. Ndugu wageni waalikwa. Wanachama wenzangu wa karakana. Majirani mliokuja kuhakikisha kwamba anayewafukizia moshi anaondoka kweli. Na wewe kaka yangu, uliyekaa hapo mbele umefunga tai kama mtu anayekwenda kuposa: habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kumuaga Fundi Moshi kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa karakana hii, na pia ni mdogo wake wa tumbo moja. Yeye leo anastaafu, kesho anahamia kwa binti yake, mji mwingine. Kazi yangu mimi, ya kuwa dada yake, haina kustaafu, kwa hiyo mniwie radhi, nitasema yote.

Wageni wetu, naona mnaitazama kamba hii ya kuanikia nguo iliyokatiza chumba kizima, imejaa makaratasi. Hiyo ndiyo katiba yetu. Hapa tunatengeneza vitu kwa mapenzi tu: redio, vipima joto, vifaa vya kumwagilia miche mwenye nyumba akiwa safarini. Ukimaliza chako, unakichora, unaubana mchoro kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, na kuanzia hapo ni huria. Yeyote ataunakili bila kuomba ruhusa. Sharti letu ni moja: ukiona kosa, au ukiongeza jambo, rudi uliandike papo hapo kwenye mchoro, ili mwenzio asijikwae ulipojikwaa wewe. Nani aliyeiweka sheria hiyo? Si huyu mwenye tai? Na vibanio alivitoa wapi? Wifi yangu, pole sana, leo umejua kwa nini mashuka yako yalikuwa yanaangukia matopeni.

Sasa, mchoro wake uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mashine ya kuangulia mayai. Jamani, nani angethubutu kumtilia shaka Fundi Moshi? Tuliunakili kwa uaminifu, waya kwa waya. Kumbe kaka yangu alikichora kibao cha saketi, kile kinachounganisha nyaya, kinavyoonekana kwa nyuma, akasahau kusema kwamba ni nyuma! Kulia kukawa kushoto, waya wa taa ukaenda kwenye feni, na wa feni kwenye taa. Mayai yakipata baridi, feni inayapepea. Yakipata joto, taa inayaongezea. Nusu ya mtaa tuliketi mbele ya masanduku tukisubiri vifaranga, na kuku wenyewe wakitutazama kwa dharau.

Aliyetuokoa ni mwoka mikate, yule pale kwenye kona. Yeye aliitaka mashine kwa ajili ya kuumulia unga, na unga ukagoma. Akaishika karatasi mbele ya dirisha, akaigeuza, akacheka peke yake. Kisha akaja hapa na kalamu nyekundu, akaandika juu ya mchoro: “Fundi, umetuonyesha mgongo.” Tukacheka sana. Labda tulicheka kupita kiasi, maana tangu siku ile vifaranga wanaanguliwa mtaa mzima, lakini kaka yangu hajatundika tena mchoro wowote. Ukimuuliza anajibu, “Kazi bado haijakamilika.” Unajua, kaka, hata mimi ni fundi cherehani, na nguo ambayo “bado haijakamilika” kila siku ni nguo ambayo fundi anaogopa mteja aijaribu.

Na kipo kifaa kimoja anachokificha. Wifi yangu, masikio yake yalipoanza kuchoka, alitengenezewa na mumewe taa ya jikoni. Mtu akibisha mlangoni, kidude kidogo kilichobandikwa nyuma ya mlango kinahisi mtikisiko, na taa inawaka. Nilimuuliza wifi kama inafanya kazi. Akaniambia, “Inafanya, tena sana. Paka akikwaruza mlango, inawaka. Kila jioni namfungulia paka kwa heshima zote, karibu, karibu, kumbe ni yeye.” Basi ndugu zangu, hiyo ndiyo aibu inayofichwa. Paka!

Ningecheka hadi kesho, lakini yupo seremala. Mnamfahamu, msumeno wake wa umeme ulimla masikio kidogo kidogo, na anaishi peke yake. Mvua ile kubwa ilipopita, binti yake alikuja kumjulia hali, akabisha, akapiga kelele, akazunguka madirishani akilia. Sote tulidhani mwenzetu ametutoka. Tukauvunja mlango, mlango aliouchonga kwa mikono yake, na tukamkuta anapiga randa ubao, mzima wa afya. Akatutazama, akautazama mlango, akasema, “Si mngeniambia, ningewafungulia?” Siku ile tulicheka. Binti yake hakucheka, na hadi leo kila akishika njia ya kwa baba yake roho inamdunda.

Seremala ameomba mchoro wa ile taa zaidi ya mara moja. Jibu mnalijua: bado haijakamilika. Na kesho fundi anaondoka nao.

Kaka, nakuuliza mbele ya watu, maana nyumbani hunisikilizi. Ni mchoro gani kwenye kamba hii uliowahi kukamilika kabla ya kutundikwa? Yule mwoka mikate angelijuaje kosa lako kama ungelifungia kabatini? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe, wifi, uniwie radhi kwa kutaja hayo mbele ya watu. Sanduku lako la vifaa nimelifunga mimi asubuhi. Najua karatasi ipo chini ya koleo. Chumba hiki kitapwaya bila wewe, na mimi nitalia nikishafika nyumbani, usidhani sitalia. Lakini usituachie tai na picha. Tuachie hiyo karatasi, na paka wake.

Ngojeni kidogo. Anasimama. Mpisheni apite, tafadhali. Halijafunguliwa sanduku, ameitoa ndani ya koti! Ameibana. Na hicho kingine ni nini? Kalamu. Ni kalamu nyekundu, jamani, imefungwa uzi, anaining’iniza kando ya mchoro. Uzi wenyewe ni wangu, wa cherehani, naujua. Kumbe ulikuja umejiandaa, kaka, nami nimepoteza hotuba nzima! Mbona hukuniambia?

Anasema alikuwa anasubiri nimalize.

Haya, nimemaliza. Mwoka mikate, kaa chini, zamu hii si yako. Mgeni Rasmi, wageni wetu, mliosikia asanteni kwa masikio yenu. Na nyinyi wawili, wifi yangu na seremala, mliokuwa mkinisoma midomo muda wote huu, asanteni kwa macho. Seremala, umeona nilichosema? Nenda kaunakili.

Lo, kumbe ameshafika.