Namba Kumi za Dranya

Ndugu waombolezaji, mimi ni Paulino Kenyi, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu Natale Loro, ingawa sehemu moja ningependa mtu mwingine aisome.

Alizaliwa kijijini kwetu Dranya tarehe 3 Mei 1944, akasoma Koboko hadi 1959, akaingia jeshini na kufundishwa redio, akamwoa Rosa Kiden tarehe 8 Januari 1972, wakajaliwa watoto watatu, na vita ilipotufikia mwaka 1979 wakakimbilia Zaire.

Waliporudi mwaka 1987 aliajiriwa Arua na shirika la misaada kuangalia redio za mawasiliano za vituo vyake, na kila siku saa moja asubuhi alituma namba kumi za kujaribu njia, Arua ikiipa Koboko, Koboko ikiipa Midia, kisha akaandika daftarini ngapi zimerudi. Mwaka 1995 Midia ilishuka hadi sita, na njia yake ilikuwa hiyo moja tu ya kupitia Koboko, wakubwa wakasema sita zinatosha, lakini kaka alikuwa mbishi, akaweka redio nyingine nyumbani kwake Dranya, Rosa akawa mpokeaji, na mlingoti wa waya wa redio niliusimamisha mimi. Zikarudi zote kumi, tukafurahi, wala hatukufikiri kwamba mlingoti ule ulionekana toka barabarani.

Tarehe 12 Machi 1996 Koboko haikujibu, watu wenye silaha walikuwa njiani kuelekea Midia, na onyo la kuwaambia Midia wakimbie likapita Dranya peke yake. Kaka alimsikia Rosa akirudia namba zote kumi kuonyesha njia ni safi, kisha akasema, "Midia imesikia, watu iko natoka. Hapa pia iko watu, iko nje." Tulipofika, mlingoti ulikuwa umekatwa na Rosa hakuwepo.

Tangu hapo kaka aliita Dranya mara kumi kila asubuhi na kuandika sifuri, hata kifua kilipomshika, hata alipolazwa hospitali Arua Agosti 1998, redio ndogo ikiwa kando ya kitanda, ambako alifariki tarehe 9 Oktoba.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa kazi, na ninyi wa Midia, mmekuja wengi leo, na nyumba nzima inajua kwa nini. Mwenye habari za Rosa atuambie, hata kama ni mbaya.

Pumzika kwa amani, kaka, daftari ninalo, kesho saa moja nitaita mimi.