Mama Aliyemwita Mwanawe Bosi

Ti, ti, ti. Kijiko ndani ya kikombe, kabla hakujapambazuka. Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo majirani walivyojua kwamba Mama Punda ameamka. Anakoroga asali kwenye maji ya moto, alainishe koo. Kisha anaingiza kichwa kabatini, katikati ya makoti, analia kama punda. Kwa nini kabatini? Asiwaamshe watu.

Leo tunamkumbuka yeye. Ndiye aliyetia sauti ya punda katika ile filamu ya katuni ya wachunga ng'ombe wenye bastola, ambamo wote ni wanyama. Jogoo ni mkuu wa polisi. Fisi ni majambazi, na wanaogopa farasi wao wenyewe. Punda mzee anabeba mizigo ya wote, na anawasema wote. Wajukuu zangu walicheka hadi wakamwaga maji. Sauti ile ilikuwa yake.

Mwanawe wa pekee alikuwa ameajiriwa benki. Siku moja wenzake wa kazini walimtembelea nyumbani kwa mama yake. Wamekaa sebuleni, mara punda akalia chumbani.

"He! Kumbe mnafuga?" mmoja akauliza.

Wakaangua kicheko. Kijana akasema, "Aa, huyo ni msaidizi wetu wa kazi. Ana vituko vyake."

Mama alisikia. Wasikilizaji wangu, alisikia kila neno. Akavaa aproni, akaleta chai, kichwa kimeinama. "Bosi, nikuongezee sukari?" Alimwita mwanawe bosi, ili asiumbuke mbele ya wenzake.

Wageni walipoondoka, alikuwa anaosha vikombe. "Nimeigiza vizuri?" akauliza. Mwezi huohuo kijana akahama.

"Sikumkasirikia, bibi," aliniambia juzi, macho chini. "Nilishindwa kumtazama. Kila akinialika, nasingizia kazi. Naomba uyaseme redioni. Yote."

Basi nayasema. Siku chache kabla mama hajafariki, kijana alikwenda. Neno la kuomba msamaha lilikuwa mdomoni. Chai ikaja, akalimeza pamoja na chai. Mama hakuligusia jambo lile. Alimwuliza kama analala vizuri. Akaona kifungo kimelegea, akakishona shati likiwa mwilini. Wiki ile haikuisha, mama akafariki usingizini. Neno halikutoka.

Pole sana, mwanangu. Poleni majirani, na wenzake wa studio. Nanyi mnaonisikiliza, mwenye neno lililomkwama kooni, alitoe leo, angali anasikia yule aliyekosewa.

Siku ile ya mwisho alipomtembelea mama, anasema kijana, alikuwa ameshafika barabarani. Mama akasimama mlangoni, akamwita kwa sauti ya punda, safari hii bila kabati, mtaa mzima ukasikia:

"Bosi! Njoo tena! Usije na aibu, uje na njaa!"