Amri ya Kapteni Ndahani

Treni ilipoondoka Gulwe kuelekea Dodoma, mwanamke mwenye robota la mitumba alimkazia macho mzee aliyeketi mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu Ndahani. Au siku hizi niseme Kapteni?"

"Marahaba. Ualimu niliuacha vita vya Kagera vilipoanza."

"Na mdogo wangu Amosi, mwanafunzi wako, akakufuata jeshini. Mimi ni Elieth."

Mimi, niliyeketi kando yao, nilifunua gazeti langu, lakini sikusoma hata neno.

"Tuliambiwa alipigwa risasi akivuka daraja. Nani alimtuma?"

"Mimi. Ng'ambo kulikuwa na majeruhi wetu."

"Hakuuliza kwa nini aende peke yake?"

"Aliuliza. Nikamwambia hiyo ni amri."

"Darasani ulitufundisha kuuliza."

"Darasani hakuna risasi, Elieth. Ningesita, wale wangekufa."

"Akafa yeye. Na nyumbani hukuja hata kutupa pole."

"Nilikuja. Nilimwona mama yenu uani, nikageuza njia."

Treni ilianza kupunguza mwendo ikiingia stesheni. Elieth akaonyesha dirishani.

"Yule pale ndiye mama, amekuja kunipokea. Kamwambie mwenyewe."

Treni ikasimama. Elieth alijitwika robota, akamsubiri mlangoni. Mzee alikuwa bado ameketi nilipokunja gazeti na kushuka.